Sura ya Tano: Kazini Niwe Nani?

Swali hili huulizwa kwa namna nyingi. Kijana aliyepata ajira yake ya kwanza anauliza kama akicheka kikaoni ataonekana hayuko makini. Muuguzi mzoefu anauliza kwa nini anarudi nyumbani hoi hata siku ambazo wodi haikujaa. Mhasibu anauliza afanyeje, maana bosi anazitaka hesabu leo na yeye anajua hazijakaa sawa. Ukiwasikiliza vizuri, wote wanauliza jambo moja: kazini niwe mimi, au nivae mtu mwingine hadi saa kumi jioni?

Majibu mawili yamezoeleka. Wakongwe wa utumishi husema kazi ni kazi: ya nyumbani yaache nyumbani, vaa nadhifu, ongea kwa adabu, usioneshe unyonge. Washauri wa siku hizi husema kinyume chake: usijibane, kuwa wewe, watakaokupenda watakupenda. Jibu la kwanza limewafundisha watu wengi kuficha makosa. La pili limewaingiza wengine matatani, kwa sababu walimwaga moyo wao mbele ya watu ambao hawakuwa na nia njema nao.

Msimamo wa sura hii ni huu. Kazi haikudai siri za moyo wako. Inachokudai ni usiufiche ukweli ambao kazi yenyewe inauhitaji: kwamba hujui, kwamba umekosea, kwamba huafiki, kwamba muda hautatosha. Mtu anayeweza kuyasema hayo manne bila kutetemeka yuko huru kazini, hata kama hakuna anayejua ana watoto wangapi wala anasali wapi.

Weledi na maigizo yake

Weledi ni kuijua kazi yako na kuifanya kwa uaminifu, hata pale ambapo mteja hawezi kukukagua. Fundi umeme mweledi huzima swichi kuu kabla hajagusa kitu, hupima, kisha hukuambia kwamba waya ulioununua ni mwembamba mno kwa jiko unalotaka kufunga. Wewe hutaki kusikia, kwa sababu waya mnene una bei. Yeye anasema hivyo hivyo.

Maigizo ya weledi ni mambo ya nje yanayofanana na hayo: ovaroli safi, kadi ya biashara, ankara iliyochapwa, maneno mazito. Hakuna ubaya katika ovaroli safi. Ubaya unaanza pale mambo ya nje yanapotumika kuziba pengo la ndani, na ofisini pengo hilo huzibwa zaidi kwa maneno.

Mfikirie mwananchi anayefuatilia hati ya kiwanja. Amepanda daladala mbili, amefunga genge lake siku nzima. Dirishani anaambiwa, “Suala lako linafanyiwa kazi, mama. Liko kwenye mchakato.” Sentensi hiyo ina adabu zote. Ina “mama” ndani yake. Lakini karani anayeitamka anajua kwamba faili halionekani tangu wiki iliyopita. Hajatukana mtu, hajachelewa kazini, shati lake limenyooshwa. Na mama yule atarudi wiki ijayo, atafunga genge tena, ataambiwa maneno yale yale.

Karani angeweza kusema, “Mama, faili lako sijaliona. Leo nitalitafuta masjala. Njoo Alhamisi, uniulizie mimi.” Ingemgharimu fedheha kidogo, kwa sababu angekiri kwamba ofisi imepoteza kitu. Mama angekasirika. Lakini angejua aende wapi, lini, na kwa nani. Huo ndio weledi, ingawa machoni unaonekana kama udhaifu. Ndiyo maana wengi huuogopa.

Lugha tunayochagua kikaoni nayo inaweza kuwa maigizo. Watu kumi wamekunywa chai pamoja, wakazungumza Kiswahili kuhusu pampu iliyoharibika, na fundi akaeleza kwa ufasaha kwamba tatizo ni bomba la kuvutia maji. Kikao kinafunguliwa, mwenyekiti anaanza kwa Kiingereza, na fundi ananyamaza hadi mwisho. Wanaobaki kuzungumza ni wenye Kiingereza, si lazima wenye kujua pampu. Kampuni inalipa fedha kubadilisha kifaa kizima. Mahakama za Tanzania ziliishi na hali inayofanana na hiyo kwa miaka mingi: shahidi alieleza kwa Kiswahili, na katika mahakama za juu kumbukumbu na hukumu zikaandikwa kwa Kiingereza, hata mwenye kesi akahitaji mtu wa kumsomea hatima yake mwenyewe. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mahali pengi pa kazi hapahitaji sheria mpya. Panahitaji mwenyekiti aseme tu, “Jamani, tuongee lugha ambayo sote tunaimudu.”

Kwa kifupi: weledi hupimwa kwa kile anachopata anayehudumiwa. Maigizo hupimwa kwa namna anayehudumu anavyoonekana.

Uchovu usioonekana

Tumrudie muuguzi wetu anayechoka bila wagonjwa wengi. Mwaka 1983 Arlie Hochschild, mtaalamu wa masuala ya jamii kutoka Marekani, alitoa kitabu kuhusu wahudumu wa ndege wa shirika la Delta. Wahudumu hao walifundishwa kutabasamu kama sehemu ya kazi, sawa na walivyofundishwa kufungua mlango wa dharura. Alichunguza pia wadai madeni, ambao wao walitakiwa kuonesha ukali hata pale walipomwonea huruma mdaiwa. Aliiita kazi hiyo kazi ya hisia, yaani kulipwa ili uoneshe hisia fulani, uwe nayo au usiwe nayo.

Alitofautisha njia mbili za kuifanya. Ya kwanza ni kuigiza usoni: ndani una hasira, nje unatabasamu. Ya pili ni kuitafuta hisia yenyewe. Mhudumu anajikumbusha kwamba abiria huyu anayefoka pengine anaogopa kupanda ndege, na huruma inakuja kweli. Tafiti zilizofuata zimeonesha mara nyingi kwamba kuigiza usoni ndiko kunakochosha zaidi, kwa sababu mtu anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anamhudumia mteja, na analinda uso wake usimsaliti.

Anayepokea simu za huduma kwa wateja anaijua hali hiyo. Simu zake zinarekodiwa. Ametukanwa asubuhi nzima kwa ajili ya mtandao ambao hakuukata yeye, na kila simu lazima aifungue kwa sauti ile ile changamfu. Mpokea wageni wa hoteli Zanzibar anaijua. Mwalimu wa chekechea anaijua, na hata mtoza ushuru sokoni anaijua, ingawa yeye anaigiza ukali.

Siwashauri watu hawa waache kutabasamu. Mgeni aliyesafiri usiku kucha anastahili kupokelewa kwa uso mkunjufu, na mgonjwa hastahili kubebeshwa ugomvi wa muuguzi na mumewe. Ila waajiri wanapaswa kutambua kwamba uso mkunjufu ni kazi, kama kubeba magunia kulivyo kazi, na kwamba aliyeubeba kwa saa nane anahitaji mahali pa kuutua. Chumba cha mapumziko ambacho mteja haingii na msimamizi hapiti kina thamani zaidi kuliko semina ya huduma bora. Dakika kumi baada ya simu ya matusi, ambapo mtu anaruhusiwa kumwambia mwenzake “leo nimechoka,” hurudisha mengi.

Usiku walipomwambia abadili kofia

Mfano ninaouona mzito kuliko yote kuhusu jambo hili unatoka Marekani, usiku wa Januari 27, 1986. Chombo cha anga cha Challenger kilikuwa kirushwe asubuhi iliyofuata kutoka Florida. Ndani yake wangekuwemo watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, na watoto wa shule nchi nzima walikuwa wakisubiri kumtazama.

Roketi za pembeni za chombo hicho zilitengenezwa na kampuni ya Morton Thiokol, Utah. Vipande vya roketi viliungwa pamoja, na kwenye maungio kulikuwa na pete za mpira za kuzuia gesi ya moto isivuje. Mpira ukipata baridi hukakamaa. Usiku ule Florida kulitabiriwa baridi ya kugandisha maji, na wahandisi wa Thiokol, akiwemo Roger Boisjoly, waliogopa kwamba pete hazitaziba kwa wakati. Katika kikao cha simu na maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani, kampuni ilipendekeza chombo kisirushwe chini ya nyuzi kama 12 za Selsiasi, kwa sababu hakikuwahi kurushwa kwenye baridi zaidi ya hiyo.

Maofisa wa NASA hawakufurahi. Safari ilikuwa imeahirishwa tayari. Thiokol wakaomba wazungumze pembeni. Boisjoly na mwenzake wakaeleza tena, wakaonesha picha za alama za gesi ya moto iliyopenya kwenye maungio katika safari zilizopita, hadi walipoona hakuna anayewatazama. Kisha mkubwa mmoja wa kampuni akamgeukia Robert Lund, makamu wa rais wa uhandisi, akamwambia avue kofia yake ya uhandisi, avae ya umeneja. Lund akakubali. Kampuni ikarudi kwenye simu na kusema chombo kirushwe.

Asubuhi kikarushwa, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika angani. Wote saba wakafa.

Watu walewale, wakiwa na takwimu zilezile, walitoa majibu mawili tofauti ndani ya usiku mmoja. Hakuna aliyeingia na ushahidi mpya kwamba mpira unastahimili baridi. Kilichobadilika ni nafsi iliyoombwa kujibu. Lund mhandisi alijua jambo. Lund meneja alitakiwa aonekane mtu wa maamuzi, asiyemkwamisha mteja mkubwa. Hayo ndiyo maigizo katika ubaya wake wote: mtu mzima mwenye ujuzi anaombwa, kwa lugha ya heshima kabisa, auweke ujuzi wake chini ili asimame kama cheo chake kinavyotaka.

Yuko mtu mwingine katika kisa hiki. Allan McDonald, mkuu wa mradi wa roketi hizo, alikuwa Florida usiku ule. NASA walitaka idhini ya maandishi. Yeye akakataa kutia saini, ikabidi bosi wake atie kutoka Utah. Baada ya ajali wote wawili, McDonald na Boisjoly, waliieleza tume ya uchunguzi yaliyotokea. McDonald alishushwa cheo kazini, wabunge wa Marekani wakaingilia kati, naye akarudishwa na kusimamia kazi ya kuziunda upya roketi zilezile. Sijui kama usiku ule aliwaonesha wenzake nafsi yake yote. Anachokumbukwa nacho ni kwamba alichokijua na alichokisaini kilikuwa kitu kimoja.

Heshima si kinyago

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atauliza swali la haki: je, adabu zetu zenyewe si maigizo? Tunamwamkia bosi shikamoo hata kama jana alituonea. Tunasema habari ni nzuri wakati mtoto yuko hospitali. Wageni wengine husema moja kwa moja, “Sikubaliani na wewe,” na sisi tunazunguka.

Naona tofauti kubwa kati ya heshima na woga. Heshima inahusu namna ya kusema. Woga unahusu kama utasema kabisa. Shikamoo haijamzuia mtu kusema kweli. Na salamu zetu, ukizisikiliza kwa makini, zina nafasi maalumu kwa ajili ya kweli hiyo:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?”

“Nzuri tu, mama, ila ile ripoti ya wafadhili ina tatizo. Stakabadhi za Dodoma hazijafika, na nikiifunga leo nitakuwa nimekisia.”

Kila mtu aliyekua katika lugha hii anajua kwamba “nzuri” ya kwanza ni mlango, na habari yenyewe inakuja baada ya “ila.” Mkubwa anayejua kazi yake hungoja “ila” hiyo. Mkubwa mwenye haraka humkata mtu kwenye “nzuri,” akaondoka, na wiki mbili baadaye anashangaa kwa nini hakuambiwa.

Kinachotuharibia ofisi ni kumpamba bosi. Mtu anasifu wazo kabla halijamalizika kuelezwa. Anacheka mzaha usiochekesha. Anapiga picha na mkubwa na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la idara kwa maneno marefu ya shukrani. Mitaani wanawaita machawa, na jina limeshika kwa sababu kila mtu amewahi kukaa nao ofisi moja. Bosi aliyezungukwa nao ni wa kuhurumiwa. Habari zote zinazomfikia zimeshachujwa, na siku mambo yakiharibika, hao watakuwa wa kwanza kushangaa pamoja naye.

Mwalimu Nyerere aliiona hatari hiyo mapema. Mwaka 1962, nchi ikiwa na uhuru wa miezi tu, aliandika kijitabu kwa ajili ya wanachama wa chama chake cha TANU alichokiita Tujisahihishe, akiwahimiza waseme makosa waziwazi, yao na ya viongozi, bila kuogopana wala kusengenyana pembeni. Mwaka 1977, Azimio la Arusha, tamko la siasa yake ya ujamaa, lilipotimiza miaka 10, alitoa tathmini iliyoeleza wazi yaliyoshindikana, pamoja na yale yaliyokuwa chini ya uongozi wake mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu sera zake. Lakini kiongozi wa nchi alikuwa anawaonesha walio chini yake kwamba neno “tumekosea” linaweza kutamkwa na mkubwa, na kesho yake akabaki mkubwa.

Nani anaweza kumudu kuwa yeye?

Mwaka 2011 Dk. Willy Mutunga alipohojiwa kwa ajili ya nafasi ya Jaji Mkuu wa Kenya, aliulizwa kuhusu hereni aliyovaa sikioni. Alisema hataivua kwa ajili ya kazi. Aliipata kazi, akaivaa hereni yake, na akaachana na mawigi meupe yaliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Wananchi wengi waliona mahakama imewasogelea, ingawa majaji wengine hawakupenda.

Kisa hicho kinatia moyo, lakini tusikitumie vibaya. Mutunga alikuwa mwanasheria mwenye jina, mpigania haki aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kesi miaka ya 1980. Hereni yake ilikuwa na historia nyuma yake. Dada aliye kwenye mkataba wa miezi mitatu, ambaye mshahara wake unalipa ada za wadogo zake wawili, hawezi kuambiwa kirahisi tu “kuwa wewe.” Marekani, ambako Waafrika wenzetu wengi wameajiriwa, wanawake weusi wamekosa kazi kwa sababu ya kusuka nywele zao, hadi jimbo la California mwaka 2019 likapitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa namna hiyo. Gharama ya kuonekana ulivyo haigawanywi sawa.

Kwa hiyo mzigo wa kuanza ni wa mkubwa. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za hospitali nchini Marekani akitarajia kwamba timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamwonesha kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba, akagundua kwamba hazikukosea zaidi. Zilisema zaidi. Katika timu zenye woga makosa yalikuwepo vilevile, ila yalifichwa. Hali ile ya timu nzuri tunaweza kuiita usalama wa kusema: kila mmoja ana hakika kwamba akitaja kosa hataaibishwa.

Usalama huo haujengwi kwa bango la ukutani. Unajengwa siku ambayo muuguzi mdogo anasema, “Dada, nadhani nimempa mgonjwa wa kitanda cha sita dozi mara mbili,” na muuguzi mkuu, kabla ya neno lolote la lawama, anasema, “Umefanya vizuri kuniambia. Twende tukamwone.” Wote waliokuwa zamu ile wamesikia, na watakumbuka siku yao ikifika.

Pa kuanzia

Kama huna cheo, anza na sentensi ndogo ambazo gharama yake unaimudu:

- “Hili silijui. Nitakuletea jibu kesho asubuhi.”
- “Nilikosea kwenye jedwali la pili. Nimeshalirekebisha, naomba mtumie hili.”
- “Kwa kazi nilizonazo, Ijumaa haitawezekana. Ipi nianze nayo?”
- “Naomba nieleze wasiwasi wangu, kisha uamue wewe.”

Ya nyumbani chagua mwenyewe. Mwambie msimamizi kinachogusa kazi: una msiba, unauguza, utachelewa wiki hii. Undani wake ni wako. Anayekulazimisha kuuanika kwa jina la uwazi naye anakuomba maigizo, ila ya aina nyingine.

Mahali panapoadhibu ukweli

Zipo ofisi ambazo ukisema kweli utaondolewa kwenye orodha ya safari, kisha kwenye kikao, kisha kazini. Huko usijitoe mhanga peke yako. Andika. Barua pepe fupi siku ileile, isiyo na shutuma, inatosha: “Kama nilivyoeleza kikaoni leo, pampu ya pili bado haijapimwa.” Mtafute mtu wa pili anayeona unachokiona, maana wawili ni vigumu kuitwa wakorofi. Na ukiona miezi inapita na sehemu kubwa ya siku yako inakwenda katika kuficha, anza kutafuta pengine wakati bado una mshahara.

Huko pengine, usaili ukifika mwisho, utaulizwa kama una swali. Waulize: mara ya mwisho mtu wa idara hii alipokosea, mlifanyaje? Wakikusimulia tukio, na wakakutajia kilichorekebishwa baada yake, hapo kosa linatamkika. Wakikujibu kwamba kwao makosa hayatokei, uliza mshahara ni kiasi gani, kisha upime kama unatosha kulipia ukimya wako.